Gia Iliyokaa Kulia

Kabla ya ajali, Vedasto Kasimiri alikuwa mtu wa kutafutwa. Mvua za Machi zikishakata njia za porini, na kuna mama mjamzito amekwama ndani kabisa huko kwa warina asali, waendesha bodaboda wa Kaliua walikuwa wakitazamana, kisha mmoja anasema, "Mpigieni Vedasto." Naye alikuja. Hakuwa na mbio. Waliopanda nyuma yake walishangaa jinsi alivyokwenda taratibu, pengine taratibu kuliko mtu wa miguu, akiipenyeza pikipiki katikati ya mizizi na mawe kama mtu anayetia uzi kwenye sindano. Lakini walifika, na hawakuanguka.

Alijifunzia huko huko. Alizaliwa kijiji cha porini kupita Kaliua, chini ya kilima cha mawe kiitwacho Nsimba, katika ukoo ambao mtoto wa kiume alikabidhiwa mzinga wake wa kwanza kabla hajaota ndevu. Baba yake alipofariki alimwachia mizinga iliyotundikwa juu ya kilima, mahali ambapo nyuki hawasumbuliwi na moto wala na ng'ombe. Hata baada ya kumwoa Levina na kuhamia Isevya, mjini Tabora, Vedasto hakuiacha. Kila msimu alipanda treni mpaka Kaliua, akachukua pikipiki aliyokuwa akiiacha kwa rafiki yake, akaenda kumsalimu mama yake, Mektilda, kisha akapanda kilimani kurina.

Ajali haikumkuta porini. Ilimkuta kwenye lami, mchana kweupe, barabara ya kwenda Igunga, pale lori lililobeba mpunga lilipokatika breki mteremkoni. Vedasto alizinduka hospitali akamwona Levina ameketi kando yake, ameshika ukingo wa shuka. Mguu wa kushoto ulikuwa umekwisha chini ya goti.

Miezi iliyofuata ilikuwa ya Levina. Alimwogesha, alimbeba mgongoni kumpeleka uani, alimfundisha kutumia magongo kwa kumtukana na kumbembeleza kwa zamu. Ulipopatikana mguu wa bandia, ni yeye aliyekaa na sindano na uzi akishona upya mikanda yake mpaka ikaacha kumchubua. Mwaka ulipogeuka Vedasto alikuwa anatembea. Anachechemea, lakini anatembea, na anaenda sokoni na kanisani kwa nguvu zake.

Pikipiki ndiyo ilimshinda. Alijaribu ya jirani, uani, injini imezimwa, ili asionekane na watu. Pikipiki zote za siku hizi gia yake iko kushoto. Inakanyagwa na kuinuliwa kwa ncha ya mguu, na ncha ile inapaswa kujua imegusa nini. Mguu wa bandia haujui kitu. Ulikanyaga gia ukaipita, ukainua hewa. Alijaribu mara nyingi, kisha akaisimamisha pikipiki ya watu mahali pake, akaifuta vumbi, akaingia ndani.

Akawa fundi. Alijenga kibanda cha bati mbele ya nyumba na watu wakamletea injini, kwa kuwa masikio yake yalikuwa bado mazima: alisikiliza mngurumo akajua kama ni mnyororo wa ndani au ni vali. Alizitengeneza, wengine wakaziendesha. Kwa mama yake alikuwa akienda mara moja moja, na safari ile ilimuuma kuliko kidonda. Baada ya treni alibebwa na bodaboda mpaka njia inapokwisha, halafu vijana wa kijiji wakamweka kwenye keria ya baiskeli na kumsukuma kama gunia la karanga. Hawakumcheka. Walimsukuma kwa heshima, na heshima ile ndiyo iliyomtia uchungu. Mizinga ya Nsimba hakuiona tena.

Ilikuwa katika safari moja kama hiyo, wakati wa Pasaka, walipomshusha apumzike nyumbani kwa mzee Octavian. Huyu alikuwa katekista tangu ujana wake, na siku hizi ameachia wengine kazi hiyo kwa sababu ya macho. Vedasto alimwamkia, akaitikiwa, akapewa kiti na maji ya kunywa. Katika kibanda cha pembeni, penye majembe na magunia ya tumbaku yaliyochakaa, kuku alikuwa anatamia juu ya kitu chenye magurudumu.

Aliomba ruhusa akakisogelea. Ilikuwa pikipiki, ila ya namna ambayo hajaiona: nyembamba, tangi dogo kama kibuyu, kiti hakizidi upana wa kiganja, injini imeinuliwa juu mbali na ardhi. Mzee Octavian akamsimulia kutoka kwenye kiti chake. Ilikuwa ya padri mmoja Mhispania aliyehudumu vigango vya porini miaka ya sabini na themanini. Kwao padri alikuwa akishindana mashindano ya kupanda mawe kwa pikipiki, na kwenye mashindano hayo mbio hazina maana. Mshindi ni yule ambaye hakugusa chini kwa mguu. Alipoona njia za huku aliagiza pikipiki yake ya kale iletwe kwa meli na treni. Aliporudi kwao akiwa mgonjwa alimwachia katekista wake. Injini ilikufa, hakuna aliyeiweza, kuku wakahamia.

Vedasto alikuwa anamsikiliza nusu nusu. Macho yake yalikuwa kwenye injini. Kipande cha kukanyagia gia kilikuwa upande wa kulia. Kwanza alidhani mtu amekifunga vibaya. Akainama, akakisugua kwa kidole, akafuata shina lake mpaka linapoingia kwenye bloku. Hakikufungwa vibaya. Kilizaliwa hapo. Breki ndiyo ilikuwa kushoto.

Alikaa chini, pale pale kwenye kinyesi cha kuku, akaishika ile gia kwa mkono akaisukuma. Ikaingia kwa mlio mdogo, *kla*.

"Mzee," alisema, "hii pikipiki ni ya mguu wangu."

Mzee Octavian hakuuliza maana yake. Alisema aichukue, kwa sharti kwamba asiipeleke kwa wauza chuma chakavu. Kuku angetafutiwa kapu.

Iliposhushwa stesheni ya Tabora na kufikishwa Isevya kwa mkokoteni, Levina alitoka nje na unga mikononi. Aliizunguka. Aliuliza abiria anakaa wapi, akaambiwa hakuna pa abiria. Aliuliza basi italeta nini nyumbani pikipiki isiyobeba mtu. Vedasto akamwonyesha gia. Levina alielewa mara moja, akarudi jikoni, na siku mbili hakumsemesha ila kwa mambo ya chakula.

Vedasto alianza kazi. Pistoni ilikuwa imeng'ang'ania ndani ya silinda kwa kutu. Aliimwagia mafuta ya taa, akaiacha ilowe, akaigonga taratibu kwa kipande cha mninga, akarudia kesho yake na keshokutwa, mpaka asubuhi moja ikasogea upana wa ukucha. Alipoitoa yote alisikitika. Kuta za silinda zilikuwa na vishimo kama uso wa mtu aliyeugua ndui. Beringi zilisagika mkononi. Pistoni ilipasuka sketi, ule ukingo wake wa chini. Kwa pikipiki ya umri ule na nchi ile, hakukuwa na duka lolote la vipuri Tabora, wala Mwanza, wala Dar es Salaam, ambalo lingemsaidia.

Akaenda mtaa wa Ng'ambo kwa Bi Zamda binti Yahaya.

Bi Zamda alikuwa mkereza vyuma, mwanamke wa miaka sitini na kidogo, anayevaa kanga juu ya koti la kazi. Mashine yake ya kukereza aliirithi kwa baba yake, na ufundi ulikuwa kwenye ukoo tangu zamani: kwao walisema babu wa babu alifika na msafara kutoka pwani, kazi yake ikiwa kutengeneza bunduki zilizoharibika njiani, akaoa Unyanyembe na hakurudi tena. Vedasto alimwamkia shikamoo, akamwekea mezani silinda iliyofungwa kwenye gunia.

Bi Zamda aliinua silinda, akachungulia ndani kuelekea kwenye mwanga, akaizungusha. Alimwuliza anataka injini iwe vipi. Vedasto alikuwa amelifikiria swali hilo kabla ya kuulizwa. Alimweleza kwamba kiki yake iko kushoto, kwa hiyo atalazimika kusimama chini kando ya pikipiki, uzito wote juu ya mguu wa bandia, apige kiki kwa mguu mzima. Injini ikimrudishia kwa nguvu, itamwangusha. Alitaka injini laini. Isiwe na haraka, isizime ikienda polepole, na iamke bila kumpiga mtu teke.

"Watu wananiletea injini niziongezee nguvu," Bi Zamda alisema. "Wewe unataka niipunguze hasira."

"Ndiyo, mama."

"Hiyo kazi sijawahi kuifanya. Iache."

Kuanzia hapo Vedasto alikuwa Ng'ambo kila alasiri alipofunga kibanda chake. Pistoni waliipata Kigoma. Wavuvi wa kule wanatumia injini za boti zinazochanganya oili na petroli, kama ile ya padri, na mpwa wa Bi Zamda, Sadiki, aliyekuwa akifanya biashara ya dagaa, alileta pistoni mpya ya boti ndani ya gunia lake, ikinuka samaki. Haikuwa sawa. Pini yake ilikuwa nyembamba, kwa hiyo Bi Zamda alikereza kijipete cha shaba cha kujaza nafasi. Sketi yake ilikuwa ndefu ikiziba matundu ya kupitishia hewa, kwa hiyo waliikata na kuilainisha kwa tupa. Silinda ilitiwa ukuta mpya wa ndani uliokerezwa kutoka bomba la chuma la mtambo wa zamani.

Kisha wakaja kwenye hasira. Chini ya kichwa cha silinda Vedasto aliweka gasketi nene ya shaba aliyoikata mwenyewe, ili hewa na petroli visibanwe sana humo ndani. Kwenye gurudumu la sumaku linalozunguka ubavuni mwa injini, Bi Zamda alipachika pete nzito ya chuma, ili likishaanza kuzunguka lisisite kwa jambo dogo. Breki ya nyuma waliihamishia mkononi kwa kufunga mkono wa breki wa baiskeli chini ya klachi, mahali ambapo kidole gumba kinafika. Platini zilizooza walizitupa, umeme wa kuwashia wakautoa kwenye pikipiki ya Kichina iliyokwishakufa.

Siku ya kuiwasha, Levina alikuja Ng'ambo. Hakualikwa. Alisema ameleta chakula, na kweli alikuwa na sufuria.

Vedasto alisimama kando ya pikipiki, akatafuta kiki kwa mguu wa kulia, akapiga. Mara ya tatu ikaitika. Ilikuwa sauti ambayo wapita njia waligeuka kuisikiliza: pu, pu, pu, pana na ya chini, kama mtu anayetwanga bila haraka. Bi Zamda aliitikia kwa kichwa, ameridhika. Vedasto akapanda, akakanyaga gia kwa mguu wake wa kulia, akaachia klachi, akaondoka.

Alizunguka uwanja wa mchanga ulio nyuma ya karakana. Alizunguka tena. Mara ya kwanza alikuwa ameketi, mara ya pili akasimama juu ya vikanyagio, na Levina akamwona mume wake akiwa na mabega aliyoyajua zamani. Aligeuza kuelekea kwenye lundo la mawe ya ujenzi, akaanza kulipanda. Hapo injini ikatoa mlio mkali, gurudumu la nyuma likakwama ghafla kama lililoshikwa na mtu, na Vedasto akaanguka upande wa kushoto, pikipiki juu yake.

Hakuumia sana, mkwaruzo wa kiwiko tu. Lakini mguu wa bandia ulichomoka ukabaki peke yake kwenye mawe. Levina aliuokota. Alimfunga mikanda pale pale mbele ya watu, akamwinua, wakaenda nyumbani. Sufuria na pikipiki vilibaki Ng'ambo.

Vedasto hakurudi kwa Bi Zamda. Aliyemwuliza habari za pikipiki aliambiwa imenoki, na injini ikishanoki ndiyo imekufa. Alitengeneza za wengine. Levina naye hakumlaumu, ingawa watu wangemwunga mkono. Usiku alimsikia anageuka kitandani.

Wiki ya pili Bi Zamda alibisha hodi akiwa amebeba sufuria yao, na ndani yake, imefungwa kwenye kitambaa, pistoni. Alikaribishwa mkeka, akaletewa chai. Aliiweka pistoni mkononi mwa Vedasto na kumwambia aitazame, maana yeye ameitazama mpaka amechoka.

Vedasto hakutaka, lakini chuma kikishakaa mkononi mwa fundi macho hayatii. Aliigeuza. Michubuko ilikuwa pande zote nne, sawasawa. Kama oili ingekuwa chache, michubuko ingekuwa mirefu upande wa moshi. Kama ilikaa mshazari, ingechubuka upande mmoja. Hii ilivimba yote kwa pamoja ikakosa nafasi. Akainusa. Alikumbuka harufu ya samaki siku Sadiki alipoileta.

"Ya boti inanyweshwa maji ya ziwa muda wote," alisema polepole. "Haipati moto. Hii yetu inapozwa na upepo tu, na mimi nikipanda mawe naenda polepole, hata upepo wenyewe haupo."

Bi Zamda aliweka kikombe chini. Nafasi kati ya pistoni na ukuta alikuwa ameipima kwa kipimo cha wavuvi, kile alichotumiwa kutoka Kigoma. Hakikuwa kipimo kibaya, ila kilikuwa cha injini inayoishi majini.

Levina alikuwa mlangoni. Aliuliza, na ilikuwa mara ya kwanza kuuliza jambo lolote kuhusu injini, "Kwa hiyo siyo mguu uliomwangusha?"

"Hapana, mwanangu," Bi Zamda alijibu. "Iliyomwangusha ni pistoni. Mwenye miguu miwili angeanguka vilevile."

Bi Zamda alipoondoka, Levina alibaki akiosha vikombe kwa muda mrefu kuliko vikombe vilivyokuwapo. Kisha alikuja akaketi mkekani karibu na mumewe.

"Sikukatazi," alisema. "Nilikuwa naomba Mungu ife, ikafa, na sikufurahi. Nenda kaitengeneze. Ila usiniambie tena kwamba huogopi. Ukiogopa, niambie, tuogope wawili."

Vedasto alimwambia kwamba anaogopa. Alimwambia pia tangu lini, na alipokwisha kusema jogoo wa jirani alikuwa amekwishawika.

Waliipanua nafasi, wakaongeza mapezi ya bati ya aluminiamu kwenye silinda ili joto lipate pa kutokea, wakaiendesha kidogo kidogo, leo hatua chache, kesho zaidi, wakiigusa kwa kiganja kama mama anayempima mtoto homa. Haikunoki tena. Lundo la mawe la Ng'ambo alilipanda na kulishuka mpaka mwenye mawe akaja kuyachukua akajenge.

Mwezi Juni, barabara zimekauka na maua ya miombo yamekwisha kuwapa nyuki kazi, waliipakia kwenye treni mpaka Kaliua. Levina alikwenda naye. Kutoka hapo yeye alichukua bodaboda, na Vedasto akatangulia kwenye njia aliyokuwa akisukumwa. Kwa mzee Octavian alisimama. Mzee alitoka akipapasa ukuta, akaweka mkono juu ya tangi lililokuwa linatetemeka, akamwomba aizime, halafu aiwashe tena. Vedasto akashuka, akasimama juu ya mguu wa bandia, akapiga kiki. Mzee Octavian alisikiliza, akasema padri alikuwa akiipiga kwa nguvu zaidi na kuilaani kwa Kihispania.

Kijijini mama Mektilda alikuwa anapeta mtama. Aliposikia mlio alidhani ni wageni wa serikali, akasimama kuita watoto wa jirani. Vedasto alimwamkia kwa Kinyamwezi, "Mwangaluka, mayo," na yule mama akaitikia, kisha akatazama nyuma yake kutafuta waliomleta. Hakukuwa na mtu. Aliendelea kutazama njia, mpaka alipoelewa ndipo akaketi chini na ungo wake.

Kilima cha Nsimba alikipanda siku ya pili. Levina na mama mkwe walitangulia kwa miguu na kukaa juu ya jabali. Njia yenyewe si njia: ni mawe yaliyopandana, na katikati yake mchanga unaoteleza. Vedasto alisimama juu ya vikanyagio, akaiacha injini itwange taratibu. Penye jiwe kubwa kuliko yote alisita. Levina alimwona amesita, akasimama. Injini haikuzima. Gurudumu la mbele likapanda, la nyuma likalifuata, na pete nzito ya chuma ya Bi Zamda ikambeba ile nukta ambayo pikipiki nyingine zote hufa. Akafika juu, akaizima, na kwa muda hakushuka.

Mizinga mingi ilikuwa imekufa. Mingine imeliwa na mchwa, mingine imeingiwa na siafu, mmoja umekaliwa na ndege. Iliyokuwa na nyuki ilikuwa mitatu. Vedasto hakuonekana kusikitika. Alivua shati, akaanza kusafisha iliyokufa, akiburuta mguu kutoka mti hadi mti, huku mama yake akimwelekeza upi ulikuwa wa baba yake na upi wa babu. Walikula ugali baridi na asali changa juu ya mawe, na kurudi kijijini jua likiwa bado lina nguvu.

Sasa anakwenda kila msimu, na pikipiki anaiacha kwa rafiki yake wa Kaliua, ndani ya nyumba, si bandani. Jina lake limetembea. Mtu mmoja kutoka Urambo, aliyepoteza mguu kwenye mashine ya kukatia mbao, alikuja Isevya kuuliza kama gia ya pikipiki ya kawaida inaweza kuhamishiwa mkononi. Vedasto alimpeleka kwa Bi Zamda, wakaketi watatu, wakapata namna. Baada yake wamekuja wengine wawili.

Wakiwa kijijini, Levina hapendi kumtazama akiondoka. Injini ikishaitika anaingia ndani akajipa kazi yoyote, hata kukunja nguo zilizokwisha kukunjwa. Lakini akiusikia ule mlio unarudi kutoka upande wa kilima, anatoka, na hamwiti mtu kumsaidia kushika pikipiki wakati mumewe anashuka.